Wasichana wa Madamu Hawalii

Madamu hakuwapenda wasichana. Ninalisema hili mapema kwa sababu watu waliosoma vitabu vyake hudhani kinyume, na nimechoka kukaa kwenye mikutano nikimsikiliza mtu akieleza jinsi alivyokuwa mama wa mabinti wote wa Afrika Mashariki. Hakuwa mama wa yeyote. Aliandika riwaya za mapenzi za wasichana wa sekondari, riwaya ambamo msichana ana moyo na akili kwa wakati mmoja, na alituandika vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kututazama. Lakini sisi wenyewe, tukiketi mbele yake na vicheko vyetu na magoti yetu yenye vumbi, tulimchosha. Alisema tunanuka mafuta ya nywele na uongo.

Alikaa Ntinda, mjini Kampala, nyuma ya maduka, katika nyumba yenye baraza pana la saruji. Baba yangu, Mkenya kama yeye, aliuza vipuri vya magari upande wa barabarani. Siku moja Madamu aliingia dukani, hakusalimia, akauliza kama kuna mtu pale anayeweza kusoma Kiswahili bila kujikwaa. Macho yake yalikuwa yameanza kumharibikia. Baba akanisukuma mbele. Nilikuwa kidato cha tatu, na nikasoma kipande cha gazeti la Nairobi lililokuwa limefungiwa plagi za gari. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Sauti kama redio iliyoachwa mvuani," akasema. "Atafaa."

Tangu siku hiyo jina langu likawa Kiredio. Nilimsomea kila Jumamosi, wasichana wenzangu wachache wakija kusikiliza, mpaka nikamaliza shule, na baada ya hapo pia.

Alikuwa mrefu, mkavu, kichwa amekinyoa kama askari, na alivaa koti la kiume la kijivu hata jua likiwaka. Miwani yake aliifunga kwa uzi mweusi nyuma ya kichwa. Alitafuna karanga za kukaanga huku akisikiliza, moja moja, wala hakumkaribisha mtu. Ukikosea neno alikurudisha nyuma mwanzo wa ukurasa. Ukicheka mahali ambapo hakukusudia uchekwe, alichukua kalamu, na sentensi hiyo ikafa. Ukilia, alikuambia uondoke ukalilie kwenu.

Kuandika mapenzi kwa Kiswahili, mjini Kampala, miaka ile ya tisini, ilikuwa karibu na wazimu. Vita vilikuwa vimekwisha zamani kidogo, lakini watu hawakuwa wamesahau lugha waliyoamrishwa nayo na askari vizuizini. Mwenye bucha, Mganda mmoja mnene aliyempenda sana Madamu kwa sababu alimtukana waziwazi, alimuuliza siku moja mbele yetu:

"Lakini Madamu, kweli mutu anaweza sema nakupenda kwa Kiswahili? Hii lugha ni ya balabalani. Ni ya 'rara chini'. Mimi nikisikia Kiswahili tu, naanza kutafuta kitamburisho."

"Ndiyo maana mkeo ananuna," Madamu akamjibu. "Nipimie ile yenye mfupa."

Waandishi wenzake Madamu, wale wachache waliokuwa wakiandikia vijana, waliandika ili kutisha. Vitabu vyote tulivyopewa shuleni vilikuwa na msichana yuleyule. Ni mrembo, kwa hiyo ni mjinga. Anapenda viatu. Anakutana na mwanamume mwenye gari, anapata mimba au ule ugonjwa, anakufa ukurasa wa mwisho huku akiomba radhi kwa wazazi. Tuliyasoma hayo katika mji ambao kila wiki kulikuwa na mazishi, na hakuna aliyehitaji kufundishwa kwamba watu hufa. Ndipo tukafika kwa Madamu, tukakuta msichana anayeuza mkaa ambaye anamwacha kijana mzuri kwa sababu kijana hawezi kushindwa kwenye mchezo wa drafti bila kupindua ubao. Tukakuta wawili wanaompenda mvulana mmoja, wasipigane, na mwishowe wamchoke wote wawili. Tukakuta mwingine aliyezaa akarudi darasani akaketi mstari wa mbele, maziwa yakimlowesha sare, akanyoosha mkono kujibu swali la hesabu. Nakumbuka niliposoma hapo kwa sauti mara ya kwanza. Tulikuwa sita barazani. Wenzangu wakaniambia nirudie.

Mchapishaji mmoja alipanda basi kutoka Nairobi kuja kumwona kwa ajili ya kitabu hicho. Alikuwa bwana mpole mwenye mkoba wa ngozi. Akakaa kwenye kiti chetu cha wageni, akakohoa, akasema hadithi ni nzuri sana ila imekosa funzo.

"Funzo gani?" Madamu akauliza.

"Huyu binti, mama, ameteleza. Msomaji atataka kuona gharama yake. Labda mtoto afariki. Si lazima yeye mwenyewe."

"Wewe una binti?"

"Ninao watatu."

"Mmoja wao akiteleza utamuulia mtoto?"

Bwana yule akasema hii ni fasihi tu. Madamu akasema mapenzi si ugonjwa, kwa hiyo asimletee dawa. Hakumpa hata maji. Kitabu kilichapishwa na mtu mwingine, mwaka mmoja baadaye, mtoto akiwa mzima.

Mkuu wa shule yetu ya wasichana naye alifika, mwanamke wa kanisani mwenye wigi la heshima. Alikuwa amenyang'anya nakala kadhaa mabwenini, akaja kulalamika kwamba wasichana wanapewa mawazo.

"Walikuwa hawana?" Madamu akasema.

"Madamu, wewe uko mwalimu kama mimi. Hii vitabu inaonyesha kwamba msichana anaweza kupenda na hakuna kitu inamfanyikia."

"Hapana. Inaonyesha kwamba vinamfanyikia vitu vingi, na bado yuko. Wewe unawafundisha uzazi wa panzi muhula mzima, halafu ukiwakuta na panzi mwenyewe unawafukuza."

Tulikuwa tumejificha nyuma ya tangi la maji na tuliziba midomo kwa sketi zetu. Wakati kama huo tulikuwa tayari kufa kwa ajili yake. Majirani walisema tumepata ssenga wa Kikenya, maana Waganda wana shangazi wa kazi hiyo, wa kumkalisha msichana chini na kumfunza mambo ya kike. Madamu alichukizwa na jina hilo. Alisema ssenga humfundisha msichana kumpendeza mwanamume. Yeye anataka msichana asipendezwe ovyo.

Halafu mkuu wa shule alipoondoka, Madamu alitugeukia na kutuambia tutoke nyuma ya tangi, tumekaa kama kuku wenye kideri.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye meno yake ya mbele yalitokeza. Madamu alimwita Meno, hivyohivyo, mbele ya watu. Siku aliyompa zamu ya kusoma sura ya busu, Meno akaisoma kwa aibu, herufi zikipiga mluzi, na Madamu akamkatiza. "Basi, basi. Umenibusia kitabu kizima kwa mate." Meno alikaa chini na hakuinua uso tena siku hiyo. Miezi ikapita. Riwaya iliyofuata ilikuwa na msichana mwenye meno yaliyotokeza, na kijana aliyempenda alikuwa akimwomba ataje majina ya siku za wiki ili tu asikie mluzi ule kwenye Jumamosi. Ilikuwa sura nzuri kuliko zote alizoandika mpaka hapo. Meno aliisoma mara nyingi hata kurasa zikalegea. Akaja barazani na kuku mzima, amemfunga miguu kwa kamba ya mgomba, akapiga magoti kama Waganda wanavyowaheshimu wakubwa, akasema, "Asante, Madamu, kwa kuniandika."

Madamu akamtazama juu ya miwani. "Yule siyo wewe," akasema. "Yule ana la kusema."

Kuku akapikwa. Meno hakurudi tena.

Ni Meno huyo aliyewahi kumuuliza, kabla ya hayo, kama yeye mwenyewe aliwahi kupenda. Madamu akajibu kwamba aliwahi kuugua surua pia na hakuandika kitabu juu ya surua. Hapo kumbe mapenzi yalikuwa ugonjwa. Sikuthubutu kumkumbusha aliyomwambia mchapishaji. Hatukujua lolote la ujana wake. Kuna alasiri nilifika mapema nikamkuta peke yake sebuleni, redio inapiga rumba ya Kikongo, naye anacheza, koti limefungwa vifungo vyote, mkono mmoja ameushika hewani kama kwamba umekaa begani mwa mtu. Alicheza vizuri mno. Nilirudi hadi barabarani nikasubiri wimbo uishe.

Sasa nifike kwa Nekesa. Hilo si jina lake, na la kijana nalo si lake.

Nekesa alikuwa mtoto wa kaka yake Madamu, aliyeletwa kutoka upande wa Busia ili asome, lakini kabla ya shule alikuwa amefagia, amefua, amechemsha maji ya kuoga, na baada ya shule alipika. Alikuwa na umri wetu. Umri ule ule wa wasichana wa vitabuni. Hakuruhusiwa kuketi nasi barazani siku za kusoma. Aliyasikia kupitia dirisha la jikoni, na tulijua anasikiliza kwa sababu sufuria zilinyamaza kwenye sehemu nzuri za hadithi. Sikuwahi kumsikia Madamu akimwita kwa jina. Alipiga tu makofi mawili.

Nekesa alipendana na Bahati, kijana wa Kikongo aliyeshona nguo kwenye duka la mjomba wake, mtaa wa Kansanga. Watu wake walikuwa wamekimbia mapigano ya mashariki mwa Kongo, yeye na mama yake. Walijuana siku Nekesa alipopelekwa kushonesha sketi ya shule. Bahati alimpima bega, akasahau namba, akampima tena, akasahau tena, mpaka mjomba akamwambia aandike. Bahati alikuwa na kovu kidevuni na aliimba sauti ya chini kwenye kwaya. Hayo yote Nekesa alinisimulia mimi kwenye bomba la maji, akicheka kwa kuinamisha kichwa ili asionekane dirishani.

Wakati huo Madamu alikuwa amekauka. Alikuwa ameanza kitabu mara tatu na kukitupa mara tatu. Jumamosi zilipita nikisoma ukurasa mmoja, naye anasema, "Chana." Alitukana kila kitu, mvua, mwenye bucha, mimi. Kisha Jumamosi moja nilifika nikamkuta Nekesa ameketi barazani, kwenye kiti cha wageni, ameshika kikombe cha chai ya maziwa kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa unang'aa kama wa mtu aliyetoka kuoga.

"Kiredio, leo hatusomi," Madamu akasema. "Mwanangu ananisimulia."

Mwanangu. Sikuwa nimewahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Na Nekesa, aliyekuwa amekaa miaka katika nyumba ile akiitwa kwa makofi, alilipokea kama mtu mwenye njaa. Alisimulia yote. Hakuna aliyemlazimisha. Wiki baada ya wiki nilimkuta kwenye kiti kile, sufuria zikiwa hazijaoshwa, na Madamu ameinama mbele, karanga zimeachwa kwenye sahani, akiuliza kwa sauti ya chini na ya upole: alisema hivyo kabla hajakushika mkono, au baada? Ulijisikiaje shingoni? Alinuka nini? Wakati mwingine alimpangusa Nekesa makombo ya mkate kwenye shavu.

Na Nekesa akamwambia pia lile ambalo Bahati alimwambia yeye peke yake. Walipokimbia kwao, bibi yake hakuweza kutembea. Walimbeba siku kadhaa. Kisha mama yake akamkalisha bibi chini ya ukuta wa shule iliyoungua, akamwachia maji, akamwambia Bahati amuage bibi, kwa sababu bibi alikuwa akimsikiliza yeye kuliko mtu yeyote. Bahati, mtoto wa miaka kumi na kidogo, akamwambia, "Bibi, tunarudi sasa hivi." Bibi akasema sawa, msichelewe. Kansanga, kanisani, mama yake alikuwa amewaambia watu wote kwamba mama mkwe alifia kitandani, akazikwa kwa nyimbo.

Kitabu kilikamilika haraka. Nilimsomea rasimu yote mwenyewe kasoro sura mbili, ambazo alisema hazihitaji sauti yangu. Kilipofika kutoka Nairobi kwenye maboksi, Nekesa ndiye aliyeyapokea kwa dereva wa basi, akayabeba kichwani mpaka nyumbani. Alijua ni hadithi yake. Alikuwa akijivunia. Alidhani shangazi yake atachukua lile la bega na namba, na kwaya, na kovu. Madamu alichukua lote. Jina la kijana alilibadilisha. Ushonaji haukubadilika, Kansanga haikubadilika, bibi chini ya ukuta hakubadilika, wala maneno yale, "tunarudi sasa hivi".

Waganda wengi hawakukisoma, maana lugha hawakuitaka. Walikisoma wale walioijua. Kampala, hao walikuwa sisi Wakenya, na Wakongo.

Kwenye duka la mjomba wake Bahati, wanawake wakisubiri nguo zao, mmoja alikuwa na tabia ya kuwasomea wenzake kwa sauti. Mama yake Bahati alikuwa pembeni anashona vifungo. Walicheka pamoja kwenye sura za mwanzo. Waliona kabisa ni duka kama lao. Walipofika kwa bibi, msomaji akaendelea kusoma kwa sababu hakujua. Mama yake Bahati aliinuka, akaacha sindano imechomekwa kwenye shati, akatoka. Hakurudi dukani. Hakurudi kanisani. Waliokwenda kumwona walisema anakaa ameutazama mlango.

Bahati alikuja Ntinda Jumamosi asubuhi. Nilikuwepo, nimeketi na ukurasa mkononi. Hakuingia ndani ya lango. Nekesa alimkimbilia akiwa bado ana povu la sabuni mikononi.

"Ile maneno nilikuambiaka weye peke yako," Bahati akasema. Hakupaza sauti. "Weye peke yako, Nekesa. Sasa mama anaisikia mu kinywa ya batu."

"Sikumwambia aandike. Bahati, nilimwambia tu. Ni shangazi yangu."

"Hata miye nilikuambia tu."

Akageuka. Nekesa akamshika suruali, akaketi chini, kwenye vumbi, akalia kwa sauti ambayo ilimtoa mwenye bucha nje na kisu chake. Alimwita Bahati, akamwita mama yake mwenyewe aliyekuwa Busia, akamwita Mungu. Bahati akainama, akafungua vidole vyake kimoja kimoja, kwa upole, kama mtu anayefumua mshono ili asichane kitambaa, akaenda zake.

Madamu alikuwa amesimama barazani.

"Simama," akamwambia. "Yule wa kitabuni alisimama."

Kweli, wa kitabuni alisimama. Nilikuwa nimemsoma mwenyewe. Kijana anapomwacha langoni, yule msichana ananyoosha sare yake, anasema sentensi moja ambayo mpaka leo wasichana huinakili kwenye majalada ya madaftari, na anaingia ndani kwenda kufanya mtihani wake. Nekesa hakusimama. Alilia mpaka kamasi zikamfika kidevuni. Madamu akanigeukia mimi, akionyesha kwa kalamu.

"Unaona? Ndiyo maana sikumwandika alivyo."

Nekesa aliondoka juma hilo hilo na mfuko mmoja. Mtihani hakuufanya. Tulisikia amerudi kwao, kisha tukasikia ameonekana anafua nguo za watu sehemu za Ggaba, kisha hatukusikia tena. Nilipopata ujasiri nilimuuliza Madamu kama hajutii. Alitafakari. Namheshimu kwa hilo. Hakunifukuza, alitafakari kweli, akitafuna.

"Yule kijana angemwacha tu," akasema hatimaye. "Wakiwa na umri huo huachana. Angemwacha na tusibaki na kitu. Sasa amemwacha na tumepata kitabu."

Ningependa kusema kitabu kilikuwa kibaya. Kilikuwa bora kuliko vyote. Kilisomwa Nairobi, Eldoret, Arusha, kikasomwa mpaka majalada yakatoka. Wasichana walimwandikia kutoka shule ambazo sijui ziko wapi. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nasomea ualimu Kyambogo, nilikuwa na mwanamume aliyenitaka niache masomo, na alipoona nasita alinipiga kofi mbele ya rafiki zake, akangoja nilie. Nikanyoosha blauzi yangu. Nikasema sentensi ile, neno kwa neno, nikaenda zangu, na sikugeuka. Nilitembea kwa miguu ya Nekesa ambayo Nekesa mwenyewe hakuwa nayo. Ningali nadaiwa na kitabu kile, na mwenye kukilipia ni mtu mwingine.

Nilimwona Madamu mara ya mwisho miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa Kiswahili, lugha ambayo sasa wazazi wanataka watoto wao waijue. Wanafunzi wangu walitaka kumwalika azungumze nao. Simu yake haikupokelewa, nikaenda mwenyewe. Ntinda imejaa magari na maduka makubwa ya vioo, bucha haipo. Nyumba ilikuwepo. Nilibisha, na aliyefungua lango alikuwa Nekesa.

Nilimjua mara moja ingawa alikuwa amenenepa na ana miwani. Tukashikana mikono muda mrefu. Akaniambia shangazi alipata kiharusi, akakaa sakafuni siku nzima kabla ya mtu kumkuta, na hospitali walipotafuta ndugu walimpata yeye tu.

"Ukaja?" nikasema.

"Nani mwingine angekuja?"

Madamu alikuwa kitandani karibu na dirisha, msafi, shuka limenyooshwa, kichwa kimenyolewa vizuri. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa na mkono wa kulia nao. Mdomo ulikuwa umepinda lakini maneno yalitoka, na akili yote ilikuwepo. Nilipoeleza habari ya wanafunzi hakusikiliza. Alikuwa akimtazama Nekesa, aliyeketi ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji.

"Kiredio. Mwambie aniambie."

"Akuambie nini, Madamu?"

"Yule kijana alirudi. Mwenye duka la mkate alimwona langoni, mtu mzima, ana kovu. Alikuja kumtafuta huyu. Walisimama pale wakazungumza muda mrefu. Nilikuwa hapa kitandani, sikusikia kitu." Akavuta pumzi. "Alitaka nini? Mama yake alikufa? Alimsamehe? Mwambie aniambie."

Nekesa akapoza uji, akapeleka kijiko mdomoni mwake. "Fungua, Shangazi."

Akafungua, akameza, kidogo kikachuruzika. Nekesa akampangusa, kwanza shavu, kisha kidevu, akakunja kitambaa upande mkavu.

"Siandiki tena," Madamu akasema. "Mkono umekufa, si unaona? Nani nitamwambia? Nataka kujua tu. Mwanangu."

"Najua, Shangazi."

"Basi niambie."

"Hapana."

Alilisema bila hasira, kama mtu anavyomkatalia mgonjwa chumvi. Kijiko kikaenda tena. Ilionekana wazi kwamba yalikuwa mazungumzo ya kila siku, kila mlo. Nekesa alimlisha uji wote bila haraka, akamgeuza ubavu, akampaka mafuta mgongoni mahali ambapo vidonda huanza, akamwekea mto katikati ya magoti. Mgongo ule haukuwa na kidonda hata kimoja. Madamu alikuwa amegeuziwa ukuta sasa, na aliendelea kuuliza, kwa sauti ya chini na ya upole niliyoikumbuka: alikuja na nani? Alikushika mkono? Ulijisikiaje?

Nekesa alinisindikiza hadi langoni. Tuliulizana habari za watoto. Nilikuwa nimejiambia tangu chumbani kwamba sitauliza, na nilikwisha kutoka nje kabisa, mkoba begani, nilipojikuta nimegeuka.

"Kwani alikuambia nini?"

Nekesa akaniangalia.

"Hata wewe," akasema.

Kisha akafunga lango, na nikamsikia akirudi ndani, alikokuwa akiitwa; makofi mawili hayakuwezekana tena kwa mkono mmoja, na Madamu alikuwa anamwita kwa jina.